IST inayopiga kelele asubuhi: gereji ya Gerezani na oili ya 5W-30

Nyota nne. Gereji yenyewe haina hata bango, ni uwanja mdogo upande wa Gerezani hapa Dar, ukiulizia wazee wanaoshughulika na Toyota IST na Vitz utaelekezwa, na nimeamua kuwaandikia watu humu maana nimechoka kuona mtu anaambiwa injini imekufa kumbe ni filta.

Gari yangu ni IST ya 2004, ile ya 1500cc yenye injini ya 1NZ-FE. Ukiiwasha asubuhi ilikuwa inatoa krrrr kama sekunde moja au mbili hivi halafu kimya, taa ya oili inazima kawaida, gari inatembea vizuri, na mchana ukiizima ukaiwasha tena huisikii kabisa. Fundi wa kwanza, mtaani kwetu, hakuisikiliza hata kidogo, akasema hizo ni tapeti, weka 20W-50 oili nzito itameza kelele. Nikamwachia aiweke. Sasa wenye injini hii sikilizeni: 1NZ haina tapeti za haidroliki, yaani zile za kusukuma valvu zinazojikaza zenyewe kwa oili! Vikombe vyake ni chuma kitupu, nafasi ya valvu inapangwa kwa unene wa kikombe, kwa hiyo zile chupa za dawa ya tapeti wanazouziwa watu hapo madukani kwenye injini hii hazina kazi ya kufanya.

Huku Gerezani niliifikisha gari ikiwa ya moto, mzee akakataa hata kufungua boneti. Akasema, "Dada, injini ya moto haina la kukwambia. Iache ilale hapa, asubuhi tuiwashe wote." Nilikasirika kidogo maana nilikuwa na safari zangu, ila alikuwa sahihi kabisa, kelele ya kuwashia inasikika oili ikiwa imeshuka yote chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ukiiwasha ikiwa imetoka barabarani unasikiliza kitu kingine.

Asubuhi akachukua bisibisi ndefu, mpini kaubana sikioni, ncha kaiweka kwenye kava ya cheni ya taimingi, akamwambia kijana washa. Krrr. Zima. Akahamisha ncha juu zaidi, usawa wa gia ya VVT-i, ile inayobadilisha muda wa valvu kufunguka, washa tena, akatikisa kichwa tu. Akashuka mpaka ubavuni mwa bloku, hapo akanipa na mimi nisikilize, hamna kitu. Ndipo akanieleza, na hii ndiyo sehemu niliyoilipia kwa moyo mmoja: mkwaruzo mfupi wa juu, upande wa cheni, unaoisha presha ya oili ikifika, ni tensiona (kikazio) ya cheni au gia ya VVT-i zinasubiri oili, kwa sababu zote mbili zinafanya kazi kwa presha ya oili na kabla haijafika zinacheza. Tik tik tik inayopungua gari ikipata moto, angalia gasketi ya manifoldi ya ekzosi kwanza, chuma kikitanuka kinaziba. Kugonga kuzito kwa chini ambako ukikanyaga mafuta kunazidi na hakuondoki, hizo ni beringi za koneksheni rodi, zima gari uite gari ya kuvuta, usijaribu kufika nyumbani. Na ka-tiki kepesi ka haraka haraka ni nozeli zinapuliza petroli, kaache.

Akafungua swichi ya oili akafunga geji pale pale, presha ikapanda vizuri tu, ila ilichelewa kuanza. Basi akageukia filta. Akaifungua, akamwaga, akanionyesha kwa ndani kupitia vile vitundu vya pembeni kuna kimpira cha duara, akakisukuma na msumari, kimekakamaa, hakirudi. Kile kimpira kazi yake ni kuzuia oili isirudi kwenye sampu gari ikilala. Kikifa, kila asubuhi pampu inaanza kwanza kujaza filta ndio ipeleke oili juu, na huo muda mfupi ndio krrr yenyewe. Ilikuwa filta ya bei ya chini kuliko zote dukani, ile wanayokuongezea juu ya sevisi kama zawadi.

Kuhusu oili. Najua kuna watu watakuja na "Dar joto, 5W-30 ni maji". Kitabu cha gari kinataja 5W-30, na namba ya mbele yenye W ni ya injini ikiwa baridi, ya nyuma inapimwa oili ikiwa nyuzi 100. Sasa injini ikiwa na moto, iwe Dar au kwenye baridi ya Makambako, termostati inaiweka karibu joto lile lile, kwa hiyo jua la nje halibadilishi mambo kivile. Kinachobadilika ni asubuhi. Nyuzi 25 za Dar sisi tunaita joto lakini kwa oili bado ni baridi, na katika hali hiyo 20W-50 ni nzito mara mbili na zaidi ya 5W-30, ukiunganisha na filta iliyokufa unaelewa kwa nini kelele ilizidi baada ya sevisi ile ya mtaani. Tena vijinjia vya VVT-i ni vyembamba na kuna kichujio kidogo kwenye njia ya valvu yake, oili nzito au chafu inachelewa pale.

Kama gari yako inakula oili au ina kilomita nyingi sana mzee anasema 5W-40 inavumilika, 20W-50 tuziachie injini za zamani. Mimi nakubaliana naye. Kingine, geuza galoni uangalie duara la API nyuma, ile alama ya daraja la ubora wa oili: SP ndiyo ya tangu 2020 na imepimwa hata kwa ulaji wa cheni ya taimingi, SN ni ya 2010, bado inafaa. Ukikuta imeandikwa SF au SG tu, hiyo ni ya magari ya babu, irudishe shelfuni hata kama galoni linang'aa.

Nilinunua sintetiki kamili 5W-30 lita nne, ilinigharimu karibu mara mbili ya 20W-50 ya kawaida, pamoja na filta orijino. Kitu nilichopenda, hawakumimina galoni lote. Injini hii ukibadilisha na filta inachukua lita 3.7, mafundi wengi wanamwaga lita nne zote halafu unajaza kupita alama. Hawa wakapima na dipstiki, wakawasha, wakasubiri, wakapima tena, iliyobaki nikarudishiwa. Kisha kijana akatoboa lile galoni kubwa na bisibisi, baada ya kunihamishia kilichobaki kwenye chupa ya maji, ili lisirudi mtaani kujazwa oili feki. Safi sana.

Matokeo: kelele ya kila asubuhi imeisha. Gari ikikaa bila kuwashwa siku kadhaa inasikika kidogo sana, na mzee alishanionya, ikirudi kama zamani ujue pini ya gia ya VVT-i imelika, hapo hata oili ya dhahabu haisaidii, ni kubadilisha gia.

Nyota ya tano wameikosa wenyewe. Risiti hawatoi mpaka uwabane, pa kukaa hamna, na gari kulala pale mlinzi anataka chake ambacho hukuambiwa mwanzo. Oili na filta hawauzi, nunua mwenyewe kabla, duka lenye wakala anayejulikana. Wanaanza saa moja asubuhi, Jumapili hawapo.