"Mama, sifuri ni sifuri": programu ya hesabu iliyotaka kula VAT yetu

Bei yake na vitufe vyake sitaviongelea, hivyo muuzaji atakuimbia mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu na bado linanichemsha. Programu hii inatangazwa kwamba inabeba VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya nchi zote, na kwa anayefanya hesabu Mbeya hilo si pambo. Tunauza magodoro hapa mjini, mengine tunayavusha mpaka wa Tunduma kwenda kwa wateja wa Nakonde, upande wa Zambia, na bosi wangu, kwa sababu anazozijua yeye, anauza na maharage. Mizigo mitatu, na kila mmoja kodi yake. Nikasema sasa eksel nitaipa kwaheri.

Kituko cha kwanza nilikimeza. Nilipomwingiza mteja wa Nakonde na kuchagua Zambia, ankara ikajipachika VAT ya asilimia 16. Ni kweli Zambia ni 16, Kenya 16, sisi bara 18, programu inazijua zote kama mtoto wa darasa la tatu anavyoimba jedwali. Lakini nani kaiambia kwamba mimi ndiye mkusanya kodi wa Zambia? Mzigo unaokwenda nje unauzwa kwa kiwango cha sifuri, na mteja analipa ya kwao anapouingiza, forodha. Nadhani aliyeitengeneza alikuwa anaifikiria Ulaya. Kule tangu Julai 2021, ukiwauzia watu wa kawaida wa nchi nyingine za Umoja wao kwa mtandao na mauzo yakapita euro 10,000 kwa mwaka, unatoza kiwango cha nchi ya mnunuzi. Haya, Nakonde si Paris. Mteja alinipigia anacheka: "Dada, siku hizi mnaikusanyia serikali yetu?" Tukacheka wote, nikaitoa kwa mkono.

Kilichonitoa moshi ni ritani, ile taarifa ya VAT tunayoipeleka mamlaka ya mapato kila mwezi.

Kwenye kuchagua kodi ya bidhaa kuna sehemu mbili tu: "Ina VAT" na "Haina VAT". Magodoro ya Nakonde ukiyaweka "Haina VAT", ankara inatoka safi, mteja ameridhika. Maharage nayo hivyo hivyo. Ukizitazama hizo ankara mbili huoni tofauti yoyote. Tofauti ni kwamba maharage ghafi yamesamehewa kodi, wakati magodoro ya nje yanatozwa kodi, ila kwa asilimia sifuri. Ukiuza kilichosamehewa, VAT uliyolipa kwenye manunuzi yake imekwenda, hurudishiwi. Ukiuza nje kwa sifuri unaidai yote, mradi uwe na nyaraka za forodha kuonyesha mzigo umetoka. Programu ikayatupa yote kwenye kapu la msamaha.

Tuseme mwezi mmeuza milioni 100: magodoro ya ndani 42, ya Nakonde 50, maharage 8. VAT mliyolipa kwenye manunuzi ni milioni 9. Mauzo yanayotozwa kodi, pamoja na yale ya sifuri, ni asilimia 92, na sheria yetu inasema ukipita asilimia 90 unadai yote. Programu inaona 42 tu. Inakupa asilimia 42 ya hizo milioni 9, yaani shilingi 3,780,000, na 5,220,000 zinabaki hewani bila hata alama nyekundu ya kukushtua. Tarehe 20, mwisho wa kupeleka ritani, ndiyo hiyo inakuja, na ukiituma hivyo umejinyonga mwenyewe.

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki, tena muziki, halafu kijana mmoja mwenye sauti ya usingizi. Nikamweleza taratibu kabisa. Hata sijafika kwenye maharage, akanikatisha: "Mama, sifuri ni sifuri."

Nikamwambia, mwanangu, nisikilize kwanza. "Sasa mama, ankara si imetoka haina kodi? Unataka nini tena?" Nikamuuliza kama amewahi kujaza ritani ya VAT hata moja. Akanijibu kwa upole wa kuudhi: "Hayo mwulize mhasibu wako, atakuelewesha." Mhasibu ni mimi! Miaka yote hii kodi naipeleka mimi, leo naambiwa nikatafute mhasibu na mtoto asiyejua VAT ya manunuzi ni mdudu gani. Tangu siku hiyo hata rangi ya bluu ya ile programu naiona ya kishamba. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubaliki.

Ila haki ya mtu mpe. Ankara za kwacha inazitengeneza vizuri sana, inabadilisha kwenda shilingi bila kunitesa, na madeni ya wateja wa ng'ambo nayaona kwa jicho moja. Halafu baada ya kulalamika kwa barua pepe nilijibiwa na binti mwingine, huyo anajua kazi. Alinielekeza kuunda kodi mpya ya asilimia sifuri, niipe jina la mauzo ya nje, kisha niifunge kwa kila mteja wa Zambia mmoja mmoja. Hesabu ikakaa. Sasa kama inawezekana, kwa nini haikuja nayo? Au VAT ya nchi zote maana yake ni orodha ya asilimia tu? Na hata orodha yenyewe ina walakini. Zanzibar wana VAT yao na mamlaka yao ya mapato, programu imewamezea humo humo kwenye Tanzania. Ukitafuta ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, unaletewa ile ya Zambia yenye herufi hizo hizo.

Mwezi huu tumelipia tena, kwa ajili ya kwacha. Ritani bado naipitia kwenye eksel kabla ya kuituma. Basi ziwe nyota mbili, lakini ya pili ni ya yule binti, kampuni isijisifu nayo.