Manifoldi au heda kwa Hilux ya 22R: kipi ununue, na bomba lipite wapi

Asubuhi unawasha Hilux yako ya zamani yenye 22R, ile injini ya petroli ya Toyota, inapiga "tsi-tsi-tsi" kwa dakika chache, kisha injini ikipata moto sauti inapotea. Wengi hudhani gari limepona lenyewe. Halijapona. Manifoldi ya ekzosi, chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda, imepasuka, au gaskiti inayoziba kati yake na injini imeungua, na chuma kikitanuka kwa joto ule ufa unajibana kwa muda. Moshi unaovuja hapo una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, na pikapu ya miaka ya 80 haikosi tundu kwenye ukuta unaotenga injini na kebini. Usilifumbie macho.

Ukienda dukani utaambiwa uweke heda, zile bomba nne badala ya manifoldi. Nimetumia zote mbili kwenye gari linalobeba mchanga na magunia ya mahindi. Mpangilio wangu unafuata kazi hiyo, wala sijali mngurumo.

Nafasi ya kwanza naipa manifoldi ya asili ya chuma cha kalibu, hata kama ni ya mtumba, mradi iwe nzima. Ni nzito, haipigi kelele, inakaa mahali pake bila kugusa kitu, na joto lake haliunguzi nyaya. Ila usinunue kwa kuangalia kutu. Muombe mwenye duka kipande cha kioo, laza uso wa manifoldi juu yake na uchungulie kwa chini. Ukiona mwanga unapenya kati ya kioo na chuma, imepinda, lazima ipelekwe kusawazishwa kwenye mashine kabla haijafungwa. Kisha ipanguse masizi pale matundu yanapokutana na utafute ufa mwembamba kama unywele. Aliyeuchomelea ufa huo kwa welding ya kawaida amekuuzia tatizo, kwa sababu chuma cha kalibu kikichomelewa bila kupashwa moto kwanza hupasuka tena pembeni ya kiungo.

Ya pili ni heda ndefu ya nne-mbili-moja. Silinda za 22R zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kwa hiyo bomba la silinda ya 1 linaunganishwa na la 4, na la 2 na la 3, kisha jozi hizo mbili zinaungana kuwa bomba moja. Hapo mipigo ya moshi inapishana kwa nafasi sawa, na nguvu inaongezeka kwenye mizunguko ya chini na ya kati, ambako gari lenye mzigo linaishi. Kwa injini ya cc 2,366, bomba za inchi moja na nusu zinatosha. Zikiwa pana zaidi ya hapo, moshi unapoteza kasi na gari linakuwa zito kuondoka. Chagua bati lenye unene wa milimita 1.6 na flenji, yaani bamba linalofungwa kwenye injini, isiyopungua milimita 8. Flenji nyembamba hupinda kwa joto, na utanunua gaskiti kila baada ya miezi michache.

Heda nyingi za injini hii hutengenezwa kwa soko la Marekani, ambako usukani uko kushoto. Sisi usukani uko kulia. Kabla ya kutoa hela, ipachike bila gaskiti, uone kama haigusi shafti ya usukani, klachi na starta. Muuzaji asiyekubali kuijaribisha, achana naye.

Heda ya kutengenezewa na fundi wa mtaani naiweka ya tatu, na ni kazi nzuri mikononi mwa anayejua. Muulize anavyokunja kona. Anayejaza mchanga mkavu ndani ya bomba kabla ya kulipasha moto anajua kazi, kwa sababu kona inabaki duara. Kona iliyobonyea kama mrija wa soda inaziba moshi.

Heda fupi ya nne-moja ya bei rahisi, ambayo bomba zote nne zinaungana mahali pamoja, iwe ya mwisho. Inafaa injini inayozungushwa sana, na pikapu ya mizigo si gari la mashindano. Kama injini yako ni dizeli ya 2L au 3L, baki na manifoldi ya asili, hela hiyo peleka kwenye nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya silinda.

Sasa njia ya bomba, ambapo ndipo watu wengi huharibu kazi nzuri. Lisipite karibu na bomba la mafuta wala mpira wa breki, na hata kwenye chuma kitupu acha angalau sentimita mbili na nusu, maana injini hutikisika. Mwambie mtu akanyage mafuta ghafla huku wewe unaangalia. Baada ya heda weka kipande cha bomba linalokunjika, la sivyo kila mtikisiko utaishia kwenye flenji. Sailensa ining'inie kwa mpira, isichomelewe kwenye chasisi. Bomba la nyuma lipite juu ya ekseli likiwa na nafasi ya kutosha, na hilo lipime gari likiwa na mzigo kamili. Langu lilipimwa likiwa tupu; magunia yalipopanda, ekseli ikaligonga bomba kila tuta. Mwisho wake utoke nje kabisa ya bodi.

Stadi za zamani, zile boliti zinazoshikilia manifoldi, zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, kwa sababu silinda hedi ya 22R ni ya alumini na stadi ikikatikia ndani utalia. Baada ya kilomita 500 kaza tena nati, injini ikiwa baridi. Kama kabureta ndiyo inayolisha, fungua plagi uziangalie: rangi ya kahawia ni salama, nyeupe kama chokaa ni dalili ya mafuta machache, na hapo jeti, tundu la kupitishia mafuta ndani ya kabureta, ikuzwe kidogo.