Filta ya sponji kwa baridi ya Mbeya, uzoefu wangu

Wadau habari zenu. Naona wengi mnauliza filta gani inafaa kwa tangi la samaki nyumbani. Mimi niko Mbeya, Uyole huku, natumia ile ya sponji mbili nyeusi inayoendeshwa na pampu ya hewa, tangi ni la lita 80 na kwa bei yake sijaona ya kuishinda. Nilitumiwa kwa basi kutoka Dar ikafika nzima, ila vile vya kunatia kwenye kioo havishiki kabisa, we achana navyo, jaza kokoto kwenye kitako chake itakaa chini yenyewe.

Sasa kusaikoli tangi, yaani kulea bakteria wa kusafisha maji kabla ya kuweka samaki, ndo kuna stori. Muuzaji alinifungia na chupa ya bakteria, imeandikwa masaa 24 unaweka samaki. Haya, nikamimina, samaki sijaweka, natupia vichakula kidogo viozee vitoe amonia (sumu kwa samaki, ndo chakula cha hao bakteria) afu napima na yale matone ya kupimia amonia. Kipimo kijani, yaani amonia bado ipo. Wiki inayofuata kijani, ikaja nyingine kijani kimekolea kabisa, na kinatakiwa kiwe njano. Hiyo chupa siirudii tena hata nipewe bure.

Na ilikuwa mwezi wa sita, mnaijua baridi ya huku. Wale bakteria wanaokula amonia wakaigeuza naitraiti (nayo sumu), na wenzao wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti (hii ndo haina shida sana, unaipunguza kwa kubadilisha maji), wote wanazubaa maji yakipoa. Zile wiki 4 mpaka 6 mnazosoma ni za maji ya digrii 25 na kuendelea, wakati kwangu asubuhi yalikuwa yanasoma 17. Nikaongeza hita ya wati 100, taratibu kijani kikaanza kufifia, ikaja zambarau kwenye kipimo cha naitraiti ikakaa weeee mpaka nikachoka, nayo ikaisha. Jumla karibia miezi miwili, ndo nikaweka samaki wadogo aina ya gapi, na hajafa hata mmoja.

Ukiwa na rafiki mwenye tangi la siku nyingi mwombe akukamulie sponji lake kwenye tangi lako, yanatoka maji meusi kama chai ya rangi iliyolala lakini humo ndo kuna bakteria wenyewe. Na la kwako ukilisafisha usilipeleke bombani, klorini itawamaliza, kamua kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa humohumo tangini, basi.

Kitu nilichoipendea zaidi ni umeme. Zile filta za kopo lililofungwa umeme ukikatika masaa mengi bakteria wanakosa hewa humo ndani na uchafu unaoza, ukirudi unasukumiwa samaki huo uozo wote. Hii ya sponji iko wazi ndani ya maji, na mimi nina kapampu kadogo ka kuchomeka kwenye pawabenki, umeme ukienda nahamisha mpira tu mapovu yanaendelea. Ila weka ile vavu ndogo ya kuzuia maji yasirudi kwenye mpira, au pampu ikae juu kuliko maji, la sivyo umeme ukikatika maji yanarudi kwenye mpira mpaka kwenye pampu na sakafuni.

Kelele ipo, siyo ya filta, ni pampu kutetemeka juu ya meza, kipande cha kandambili chini yake kinatosha. Nimeshaagiza nyingine, nataka tangi la mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wanachafua kweli.