Firefox kwa kazi za PDF saibani Malindi: kufungua hodari, kuprinti mzito

Mteja anayeingia saiba ya Malindi na PDF isiyofunguka huwa ana haraka: fomu ya basari, cheti cha PIN, taarifa ya M-Pesa inayotakiwa na benki. Kwa kazi hiyo Firefox naipa nyota nne kati ya tano. Kisomaji chake cha PDF kimo ndani tangu toleo la 19 la mwaka 2013, hakidai programu nyingine, na toleo la 115 bado linakubali Windows 7, ilhali Chrome iliishia 109 kwenye mashine hizo.

Kabla ya kukilaumu kivinjari, kagua faili lenyewe. Lifungue kwa Notepad. Mwanzo uwe %PDF- na mwisho kabisa uwe %%EOF. Mwisho usipoonekana, faili limekatika njiani, umeme ulipopotea au bando lilipokwisha. Orodha ya kuonyesha kila kitu kilipo ndani ya PDF kwa kawaida huwekwa mkiani, ndiyo maana kukosa kipande kidogo cha mwisho huweza kuangusha faili zima. Firefox hujaribu kuijenga upya orodha hiyo, na mara nyingine hufaulu, lakini dawa ya kweli ni kupakua tena. Mwanzoni ukikuta <!DOCTYPE html>, hiyo si PDF hata kidogo. Muda wa kuingia kwenye tovuti ulikwisha, ukashuka ukurasa wa kuomba nywila ukiwa na jina la .pdf. Ingia upya, pakua upya. Ukikuta herufi PK, yaelekea ni Word au Excel iliyobandikwa jina lisilo lake; rudisha .docx au .xlsx mwishoni mwa jina, kisha fungua kwa LibreOffice.

Faili lisilo na kasoro likiendelea kupakuliwa badala ya kufunguka, nenda "Settings", "General", shuka hadi "Applications", na mbele ya PDF chagua "Open in Firefox". Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/pdfDocuments. Ikigoma hata hapo, seva ya tovuti ndiyo inayoagiza faili lipakuliwe; lifungue kutoka "Downloads".

Firefox inang'ara kwenye fomu. Zile zinazotoa neno "Please wait" tu, kama fomu za viza za Kanada, zimeundwa kwa XFA, mfumo wa pekee wa fomu ndani ya PDF, na Firefox inazisoma tangu toleo la 93 la 2021. Zisome humo, lakini uzijaze na kuzihakiki kwa Adobe Reader, kwa sababu vitufe vya uhakiki havitegemeki ndani ya kivinjari. Fomu isiyo na visanduku vya kujazia nayo haikushindi: kuanzia toleo la 106 kuna kitufe cha kuongeza maandishi juu ya karatasi. Ukimaliza, hifadhi kwa kitufe cha kisomaji chenyewe, halafu fungua nakala uone kama maandishi yamo.

Nyota iliyopotea ni ya kuprinti. Firefox huchora upya kila ukurasa kabla ya kuupeleka kwa printa, hivyo kitabu cha kurasa mia kilichoskaniwa huweza kuikaba kompyuta ya RAM ya 2GB, na herufi ndogo huweza kutoka na kingo zilizofifia. Printi kwa mafungu ya kurasa kumi kumi, au lifungue faili hilo hilo kwa Chrome, ambayo mara nyingi hutoa maandishi makali zaidi.

PDF yenye nywila, kwa mfano taarifa ya M-Pesa, hufunguka bila shida ukiweka namba sahihi. Mteja akitaka nakala isiyo na nywila, chagua kuprinti kisha "Save to PDF", mradi mwenye faili ameruhusu kuprinti. Nakala hiyo haina kinga tena, nayo imebeba miamala ya mtu: mpelekee, kisha ifute kwenye "Downloads" na kwenye pipa la taka kabla mteja mwingine hajakalia kiti.