Pikapu yangu ya tabo baada ya kilomita 287,000

Niliinunua mpya, dizeli ya lita 2.5, na sasa ina miaka 11. Imebeba mbao, mchanga na kokoto, na mara nyingi imevuta tela. Injini yenyewe haijafunguliwa hata siku moja. Tabo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi, ni ya pili.

Ya kwanza ilikufa kwenye kilomita 164,000, na aliyeiua ni mimi. Nilikuwa nikimaliza mlima na mzigo mgongoni, naegesha, nazima papo hapo. Feni ya tabo inaenea kiganjani, lakini ukikanyaga mafuta inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachozuia shafti isisage beringi ni utando mwembamba tu wa oili. Ukizima injini, pampu inasimama, na oili iliyobaki ndani inaungulia humo humo. Oili nayo nilibadilisha kila kilomita 15,000, maana kitabu cha gari kiliruhusu. Kitabu hicho hicho, ukurasa unaofuata, kinasema kwa anayebeba mizigo au kupita kwenye vumbi ni nusu yake. Huo sikuusoma.

Ilianza kwa mluzi, kama king'ora cha mbali, ukipanda kadiri ninavyokanyaga. Kisha oili ikawa inapungua bila kuvuja popote. Asubuhi moja nikawasha, moshi wa bluu ukafunika gari zima.

Fundi alifungua hosi ya hewa, akashika ncha ya shafti kwa vidole viwili, akaisukuma na kuivuta. Ikacheza. "Ikitikisika kidogo kwa pembeni sina neno nayo," akasema, "lakini mbele na nyuma, hapana." Halafu akafungua bomba jembamba linalopeleka oili kwenye tabo, akalielekeza juani, akanipa nichungulie. Giza tupu. Masizi yalikuwa yameliziba.

Alikataa katakata kufunga tabo mpya kabla ya bomba hilo kubadilishwa na sampu, yaani karai la oili chini ya injini, kusafishwa. Wakati ule niliona ananizungusha. Baadaye jamaa yangu alifungiwa tabo mpya juu ya bomba la zamani, na haikumaliza mwezi.

Tangu hapo oili na filta ni kila kilomita 6,000, filta ya hewa naikagua kila nikitoka vumbini, na baada ya safari ngumu naiacha injini iungurume taratibu dakika moja au mbili. Abiria huuliza tunasubiri nini.

Kwenye kilomita 230,000 hivi gari likagoma kuvuta, moshi mweusi. Gereji moja ikanihukumia tabo nyingine bila kugusa kitu. Nikarudi kwa fundi wangu, akapitisha mkono kwenye hosi ya intakula, kile kipoza hewa ya tabo, injini ikivuma: ilikuwa imepasuka chini ya klempu, hewa inapuliza nje. Nadhani tabo nyingi zinang'olewa bila kosa.

Ninacholalamikia hasa ni nozeli zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, ambazo hazivumilii dizeli chafu hata kidogo, na ile valvu ya kurudisha moshi kwenye injini, inayojaa masizi. Nimeisafisha mara tatu.

Ningenunua nyingine ya tabo? Mpya, ndiyo. Iliyotumika, mpaka nione rekodi za servisi, na muuzaji akubali tulifungue lile bomba.