Kitabu cha mwongozo cha TCU, kisomeni kabla hamjalipia fomu

Wakuu, leo naongelea kile kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanakitoa kila mwaka, kile cha bure unachopakua kwenye tovuti yao. Mi nina steshenari huku Kimara, dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa nashinda na madogo waliomaliza Form Six pamoja na wazazi wao, na wengi wanakuja na jina la chuo tu kichwani, kitabu hawajakigusa kabisa.

Viko viwili, kimoja cha wa Form Six kingine cha wenye diploma, angalia usije ukapakua kisicho chako. Ndani ni majedwali chuo kwa chuo, kozi na namba yake, vigezo, miaka, nafasi ngapi. Na uzuri wake uko hapo hapo, kozi isipokuwepo humo usitoe hata mia. Kuna dogo alikuja na kipeperushi kizuri kweli, chuo sikitaji, tumeitafuta ile kozi jedwali zima haipo, iliyopo inafanana nayo jina tu! Chuo chenyewe kina ithibati, yaani kinatambuliwa rasmi, ila jamani chuo kuwa na ithibati ni jambo moja na kozi kuidhinishwa ni jambo lingine, na hapo ndo watu wanaliwa hela.

Kwenye vigezo wamefanya kazi safi. Unatakiwa prinsipo mbili, yaani masomo mawili ya Form Six uliyofaulu kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo yanayotakiwa na kozi, A ni 5 kushuka mpaka E ni 1, kwa hiyo D mbili zinakufikisha, ingawa kozi nyingi zinataka zaidi ya hapo. Lakini dada yangu uliyemaliza 2014 au 2015 na sasa ndo unataka kurudi shule, hesabu yako ni nyingine, miaka ile kulikuwa na B+ na D ilikuwa pointi 1, wewe unahitaji C mbili. Kitabu kimeliandika hili wazi, na limewaokoa watu hapa dukani kwangu.

Sasa ninachokidai. Kitabu kinakuonyesha mlango tu, cha ndani hukioni. Nyuma yake kuna mfumo mzima wa tuzo za vyuo vikuu, yaani digrii na vyeti vyao, unaitwa UQF, upo tangu 2012, una ngazi 10, digrii ya kwanza iko ya 8, masters ya 9, PhD ya 10. Krediti 1 humo ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, siyo lekcha peke yake, hata kujisomea na maabara na mitihani vinahesabiwa, na digrii ya miaka mitatu haitakiwi kuwa chini ya krediti 360, yaani saa 3,600 za mtoto wako. Mzazi akilijua hili ana nguvu aisee! Nenda pale Mnazi Mmoja kwenye maonesho ya vyuo, muulize aliyepo bandani kozi ina krediti ngapi, mtaala umepitiwa lini mara ya mwisho, wenye PhD wanaofundisha hiyo kozi ni wangapi. Anayejua atakujibu palepale, na anayekimbilia kukupa kalenda na kalamu utamwona pia.

Shida ni kwamba haya yote, kitabu, UQF, na ile miongozo ya TCU ya 2019 ya ubora wa elimu ya vyuo, yameandikwa kwa Kiingereza, na anayelipa ada ni mama anayeuza genge na kukopa kikoba, huyo ndo anatakiwa kuelewa kuliko wote.

Kwa usahihi nakipa nyota tano, kwa kumfikia mzazi nakipa mbili. TCU mwakani wekeni safu moja ya krediti pembeni ya kila kozi, na mtoe toleo la Kiswahili, mi nitawaprintia bure wazazi wote watakaokuja hapa Kimara.