Stenti au upasuaji, saratani ikiwa pale umio linapoungana na tumbo

Mzee wa Kisumu ambaye ugali na omena havishuki tena, uji tu, hutaka kwanza kula. Stenti, kile kijibomba cha wavu wa chuma kinachopitishwa mdomoni, humfungulia njia ndani ya siku chache. Lakini saratani inabaki. Tena stenti ikiwekwa kwenye mlango wa tumbo, asidi hupanda: alale ameinua kichwa, anywe omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, atafune nyama mpaka ilainike. Hata hivyo stenti inaweza kuteleza.

Upasuaji huondoa sehemu ya chini ya umio, sehemu ya juu ya tumbo na tezi za limfu za jirani, mara nyingi kemo (dawa za kuua seli za saratani) ikitangulia. Ni mzito. Ila kama picha ya CT (eksirei ya kompyuta) haionyeshi saratani kuenea na mwili una nguvu, ningemsihi aulizie upasuaji kabla ya kukubali stenti.